Vifundo vya Miguu: Siku Saba Uganda

Jumatatu. Bukoba hadi Kampala

Nimevuka Mutukula saa nne asubuhi nikiwa na begi moja, daftari, penseli tatu na uzi wa kupimia. Kilichonitoa nyumbani ni sanamu yangu iliyoanguka.

Mwezi wa tatu nilimaliza mvuvi wa saruji, urefu mita 2.25, aliyeagizwa na mteja wa kando ya ziwa. Alisimama siku 19. Usiku uliofuata ukavuma upepo wa ziwani, na kulipokucha tukamkuta amelala kifudifudi, wavu ungali begani, nyayo zimebaki peke yake juu ya msingi. Amekatikia kwenye vifundo vya miguu, vyote viwili, mkato umenyooka kana kwamba mtu alipitisha msumeno. Hakuna aliyeumia. Lakini tangu asubuhi ile, kila nimwonapo mwanaume amesimama, awe wa nyama au wa jiwe, macho yangu hushuka yenyewe hadi kwenye kifundo.

Nikalifikiria jambo hilo wiki nzima. Mwanamke aliyevaa gomesi au baibui ni rahisi kumsimamisha, kwa kuwa nguo inashuka hadi chini na uzito wote unapita kwenye nguo. Mwanaume, katika nchi nyingi, wachongaji wamependa kumwacha miguu wazi: mapaja, magoti, mashavu ya miguu. Kwa hiyo kichwa, mabega, kifua na sifa zote anazopewa vinaishia kwenye sehemu mbili nyembamba kuliko shingo yake. Nimeamua kwenda kuona wenzangu wa Uganda wanafanyaje, kwa sababu Makerere ndiko watu wengi wa Afrika Mashariki walikoanza kusomea uchongaji darasani.

Basi limepita Kyotera, limepita Masaka, limevuka ikweta pale Kayabwe bila hata kupunguza mwendo. Njia hii Baba Mkubwa aliipita mwaka 1979 akiwa na jeshi letu. Masaka ilitekwa mwezi wa pili, Kampala tarehe 11 Aprili. Yeye Kampala hakufika. Mguu wake wa kushoto aliuacha upande huu wa mpaka. Jana nilipomuaga hakutaja vita hata kidogo, aliniomba tu nimletee lubugo, ile nguo ya gome la mti wa mutuba, kipande cha kutandika kitini.

Nimefikia Kisenyi, kwa dada, mtoto wa shangazi. Shemeji ni fundi wa magari na Kiswahili chake ni cha gereji, kinakwenda moja kwa moja kwenye jambo. "Umesafiri siku nzima kuja kutazama miguu ya sanamu?" ameniuliza. Nikamwambia ndiyo. Akafikiri kidogo, akasema hata gari huanza kufa kwenye ekseli.

Jumanne. Sanamu ya Uhuru

Asubuhi nimekwenda katikati ya jiji kuiona Sanamu ya Uhuru. Gregory Maloba, mzaliwa wa Mumias, Kenya, alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa Margaret Trowell, mwanamke wa Kiingereza aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937. Mwaka 1962 Maloba akapewa kazi ya kuutia uhuru wa Uganda katika umbo ambalo watu wataliona. Matokeo yake yana urefu wa kama mita 6: mtu mzima amefungwafungwa kwa vitambaa mwili mzima, amenyanyua mtoto, na mtoto naye mikono juu.

Wengi hapa humsoma mtu huyo kuwa ni mama, nchi iliyofungwa na ukoloni ikimtoa mtoto aliye huru. Mpiga picha mmoja pale bustanini amenishikilia kwamba ni baba. "Mzee, tazama mabega," ananiambia. Mimi nimetazama miguu. Vile vitambaa vinavyoizunguka vimeifanya kuwa kitu kimoja kinene, nguzo kutoka chini hadi kiunoni. Hakuna kifundo cha kuogopea. Kinachosimulia utumwa ndicho kinachobeba uzito. Nimeizunguka mara nne, na nadhani sijaona mahali pengine ambapo hadithi ya sanamu na ufundi wake vimeshikana hivi.

Nikiwa pale nilimkumbuka Askari wa Dar es Salaam, ambaye nimepita chini yake tangu utotoni. Alitengenezwa na Mwingereza James Alexander Stevenson, akawekwa mwaka 1927. Ameinama mbele na bunduki yenye singe, uzito wote kwenye mguu wa mbele. Wa saruji asingeweza kukaa hivyo hata mwezi. Yeye ni wa shaba nyeusi, na shaba nyeusi inavumilia kupindwa na kuvutwa, ndiyo maana inamruhusu mtu kusimama kwenye mguu mwembamba. Pale alipo palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, tangu 1909. Waingereza walimwondoa, akaishia Hamburg, na huko wanafunzi wakamvuta kwa kamba hadi chini mwaka 1968. Wanaume wengi waliosimamishwa kwa amri ya serikali wameangushwa kwa mikono, si kwa upepo.

Mchana nimekula kikomando, chapati iliyokatwakatwa ndani ya maharage, kwa mama mmoja karibu na steji ya boda. Kisha nimepita Bunge kuona familia inayotembea ya Maria Naita, iliyowekwa kwa mkutano wa Jumuiya ya Madola wa 2007. Sikuruhusiwa kukaa sana.

Jumatano. Makerere

Hii ndiyo siku niliyoijia.

Kijana anayesomea uchongaji pale, tuliyejuana kupitia shemeji, amenipokea getini. Mama yake ni Mnubi wa Bombo, kwa hiyo Kiswahili amekikuta nyumbani. Amenipeleka kwanza kwenye karakana yao, penye vumbi la mvule hadi kwenye nyusi za watu, halafu tukaandikishana kuingia maktaba kuu.

*War Victim*, Majeruhi wa Vita, ya Francis Nnaggenda. Ni mti, mkubwa kuliko mtu. Aliichonga miaka ya 1980, wakati vita vya Luweero vinaendelea. Mwanaume amesimama. Mkono mmoja haupo. Mguu mmoja haupo. Alama za patasi zimeachwa wazi mwili mzima, hakuna mahali palipopigwa msasa kumfurahisha mtazamaji. Wanafunzi wanapita na vitabu, wengine hawamwangalii kabisa, wamemzoea kama ndugu aliyepo nyumbani siku zote.

Nilisimama mbele yake nikiwa na uzi mkononi, nikasahau kilichonileta. Nilikuwa nimekuja kuuliza jinsi mwanaume anavyosimama kwa miguu miwili, na huyu anasimama kwa mmoja, bila mkongojo. Nikatazama mguu uliobaki. Nnaggenda hakuuchonga mwembamba kwa kufuata mwili, ameufuata mti. Nyuzi za mti zinapanda kutoka chini hadi juu bila kukatwa popote. Mti ulikuwa umesimama hivyohivyo porini kabla hajaugusa, na yeye ameuacha uendelee kusimama. Upande ambao mguu haupo, paja linaishia hewani, na ile hewa chini yake inaonekana kuliko kitu chochote ndani ya chumba.

Nimekua na Baba Mkubwa nyumba moja. Nimemchongea viti, nimemtengenezea mikongojo mitatu. Katika miaka 22 ya kazi hii haikunijia hata siku moja kwamba mwili kama wake unaweza kuchongwa. Kila mwanaume niliyewahi kumchonga alikuwa mzima, kijana, kifua mbele. Sikuambiwa na mtu nifanye hivyo. Niliamini tu kwamba mwanaume wa sanamu ndivyo anavyokuwa.

Tukatoka tukakaa chini ya mti, kijana akafungua simu, tukaanza kuwapitia wanaume wa dunia mmoja mmoja. Kwanza Wamisri. Mguu wa kushoto mbele, mikono imenyooka ubavuni, na mgongoni nguzo ya jiwe ambayo haikutolewa. Jiwe lililo kati ya miguu nalo limeachwa. Wamisri walitaka mtu adumu milele, na hawakuona haya kumwegemeza. Wagiriki wakauchukua mkao uleule, mguu wa kushoto mbele, lakini wakalitoa lile jiwe. Kijana wa marumaru aliyeko New York, wa karibu mwaka 590 hadi 580 kabla ya Kristo, yuko uchi na nguzo hana. Hatua yake ina ukakamavu, nyayo zote mbili chini, uzito katikati. Alipotokea, jambo hilo lilikuwa ujasiri mkubwa, na mwenye kuchonga analijua hilo kuliko mtu mwingine.

Kisha ikaja karne ya tano kabla ya Kristo, mchongaji Polykleitos akamfanya mwanaume aegemee mguu mmoja na kuulegeza mwingine, nyonga ikapanda upande mmoja, bega likashuka. Mbeba Mkuki wake alikuwa wa shaba nyeusi, na huyo hayupo tena. Waliobaki ni nakala za marumaru walizochonga Warumi, na kila nakala kamili ina gogo la mti nyuma ya mguu. Nilidhani zamani kwamba gogo ni pambo la msituni. Kumbe ni gongo. Marumaru haiwezi kufanya ambalo shaba nyeusi inafanya, basi wakampa mkuki mkononi na gogo nyuma ya shavu la mguu.

"Hata huyu?" kijana akaniuliza, akaleta Daudi wa Michelangelo. Hata yeye. Mita 5.17, amechongwa kati ya 1501 na 1504 katika bonge la marumaru ambalo wachongaji wawili walikuwa wamelianza na kuliacha, na nyuma ya mguu wa kulia pana kisiki. Pamoja na hicho kisiki, vifundo vyake vina nyufa ndogondogo. Alikaa nje uwanjani miaka zaidi ya 350 kabla ya kuingizwa ndani mwaka 1873, na msingi wake ulikuwa umeinama kidogo. Mwaka 2014 watafiti wa Italia walitengeneza nakala zake ndogo za jasi, wakazizungusha kwenye mashine ya kuongeza uzito huku zikiwa zimeinamishwa, nazo zikapasuka pale pale chini ya miguu. Nikamwonyesha kijana picha ya mvuvi wangu aliyelala kifudifudi. Akaitazama kwa muda, akanipa pole kama mtu anayetoa pole msibani, na ilikuwa pole ya kweli.

Tulibishana kuhusu wale wanaume wawili wa shaba nyeusi wa Riace, waliopatikana baharini Italia ya kusini mwaka 1972. Yeye anawapenda kwa sababu ya midomo ya shaba nyekundu na meno ya fedha ya mmoja wao. Mimi nimewapenda kwa kile ambacho hakionekani: chini ya nyayo zao palimiminwa madini ya risasi ili kuwashikilia kwenye msingi. Watu wa miaka 2,400 iliyopita walijua pa kuogopa.

Na kuna walioamua kuliepuka tatizo lote. Vigango vya Wagiriama, mbao nyembamba wanazosimamishiwa wazee wa chama cha Gohu waliofariki, havina miguu kabisa, vinachomekwa ardhini na ardhi ndiyo miguu yao. Wafalme wa Wakuba huko Kongo, kwenye sanamu zao za ndop, wameketi wamekunja miguu, kila mmoja na alama ya utawala wake mbele yake. Mfalme hahitaji kusimama kuonyesha kwamba ni mfalme. Ningependa kuliona hilo katika miji yetu, ambako kila kiongozi wa saruji amenyoosha mkono kama anaita basi.

Kabla ya kuondoka nimerudi maktaba mara nyingine. Sikupima kitu.

Alhamisi. Mvua

Mvua tangu alfajiri. Kisenyi imejaa maji mekundu, dada amekataa nisitoke. Nimechora.

Jioni shemeji alikuwa na mteja Luzira, nikapanda naye. Hakuna cha kuona kwa mgeni, pale ni gereza na barabara ya kwenda bandarini. Lakini nilitaka kukiona kilima. Mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wakisawazisha ardhi hapo walifukua kichwa cha udongo wa kuchoma pamoja na vipande vya miili, kazi ya watu walioishi hapa karne nyingi kabla ya Mzungu wa kwanza kufika. Kichwa kina macho yaliyovimba kama punje za kahawa. Kiko London, kwenye Jumba la Makumbusho la Uingereza. Watu wa mwambao wa ziwa letu walifinyanga mwili wa binadamu zamani sana, na ili niione kazi yao kwa macho nahitaji viza. Hilo limeniuma njia nzima ya kurudi.

Ijumaa. Namugongo

Baada ya swala ya Ijumaa shemeji amenipeleka Namugongo, upande wa Waanglikana, ambako vijana Wakristo wa ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, waliuawa tarehe 3 Juni 1886. Pana sanamu zenye ukubwa wa watu halisi zinazoonyesha mauaji yenyewe: vijana wanafungwa, wanaviringishwa kwenye mikeka ya matete, wanawekwa juu ya kuni, wauaji wamesimama juu yao.

Sikuandika kitu nikiwa ndani. Naandika sasa usiku. Waliosimama pale wote ni wauaji. Wana mapaja makubwa, silaha, miguu imetanuka, ule mkao ambao mimi nimeutumia kwa kila shujaa niliyemchonga. Waliolala ndio ambao watu wanatoka Rwanda, Kenya na Tanzania kuja kuwaheshimu kila mwaka, wengine kwa miguu wiki kadhaa. Shemeji ni Mwislamu. Alivua kofia, akasimama kimya hadi nilipomaliza kutazama. Tulipotoka akasema, "Walikuwa watoto, shemeji. Wengine hawakuwa na ndevu."

Maneno hayo yamekuwa mazito kwangu kuliko chochote nilichokiona kwenye simu Jumatano. Siku zote nimefundisha vijana wangu kwamba sanamu ya mwanaume huanza na msimamo, kwamba ukishapata miguu umepata mtu. Leo sina hakika kama nitalisema tena.

Jumamosi. Barabara ya Jinja

Nimekwenda Jinja na kurudi. Penye chanzo cha Mto Nile pana sanamu ya Mahatma Gandhi, iliyozinduliwa na waziri mkuu wa India mwaka 1997, kwa kuwa sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapo mwaka 1948. Ni kichwa na kifua tu. Mtu aliyetembea karibu kilomita 385 mwaka 1930 kwenda kuokota chumvi baharini! Kama kuna mwanaume aliyestahili kupewa miguu ni huyu. Sura imefanana vizuri, nakiri, na maua yalikuwa mabichi.

Wakati wa kurudi niliona kando ya barabara uwanja wa fundi wa saruji: simba wa mageti, vyungu vya maua, Mtakatifu Yosefu watatu na mwanaume mmoja ambaye bado ni nondo tupu. Nikateremka kwenye taksi kabla haijasimama vizuri.

Fundi ni mzee wa miaka sitini hivi. Kiswahili chake alikijifunzia kwenye ujenzi Kisumu. Nilimweleza mvuvi wangu wote, kuanzia msingi. Akaniuliza swali moja: "Nondo uliunga wapi?"

Nikamwambia ukweli. Nilitengeneza nyayo kando pamoja na msingi, zikiwa na vipande vifupi vya nondo vilivyochomoza, kisha nikaja kuchomelea miguu juu yake. Nilichomelea kwenye vifundo.

Hakunilaumu. Alinishika mkono akanipeleka kwa yule mwanaume wa nondo. Akapitisha kidole kuanzia chini: nondo ya milimita 12 imelala ndani ya msingi kama nusu mita, imekunjwa kwa pembe kwenye kisigino, imepanda kifundo, goti, imefika kiunoni. Kipande kimoja. Kila mguu una nondo tatu zilizofungwa pamoja kwa waya wa bainding, moja nyuma kwenye kano ya kisigino, mbili mbele. "Hapa," akasema akigusa kifundo, "hakuna nyama. Ukiunga, unga pajani. Na ukiunga, zipishane mara arobaini ya unene wake, zifungwe, usitegemee kuchomelea peke yake." Kisha akanionyesha alivyokunja. Hakutumia moto. Alitumia bomba la chuma na misumari mikubwa iliyopigwa kwenye gogo, polepole, ili mkunjo uwe wa duara na nondo isichoke. Waya wa kuku unakuja juu, halafu saruji moja kwa mchanga tatu, maji kidogo kuliko unavyotamani, na magunia mabichi siku saba.

Nilimuuliza kama amewahi kumsimamisha mtu kwa mguu mmoja. Akazunguka ile sanamu, akaikagua kama vile ndiyo niliyoiulizia. "Inawezekana. Ila huo mmoja uupe nondo za miwili, na msingi uwe mpana upande ambao mguu haupo. Upande mtupu ndio mzito."

Nimemnunulia soda na chapati. Alikataa pesa.

Jumapili. Bukoba

Nimeshuka stendi ya Masaka kununua lubugo, kipande cha rangi ya kutu, bado kina harufu ya gome. Nimefika nyumbani saa kumi jioni.

Baba Mkubwa alikuwa barazani. Ameufungua mzigo, ameupapasa kwa viganja, kisha ameukunja juu ya paja, pale mguu unapoishia. Nikamsimulia safari, na Majeruhi wa Vita nikamsimulia kwa urefu, nikamwonyesha mchoro nilioupiga kwa kukumbuka. Aliushika mbali na macho kwa sababu ya uzee, akaugeuza kwenye mwanga.

"Huyu hana mkongojo," akasema.

"Hana, Baba."

Nikamuomba ruhusa. Akaninyooshea mguu wa kulia, nikapiga goti chini na uzi wangu. Kifundo, sentimita 24 kuzunguka. Shavu la mguu, 33. Kano ya kisigino imesimama kama kamba ya mashua, imebeba kazi ya miguu miwili kwa zaidi ya miaka arobaini.

"Na wa pili utautoa wapi?"

"Sitautoa popote, Baba."

Akanyamaza. Kuku walikuwa wanapanda juu ya mti kulala. Kisha akauvuta mkongojo uliokuwa ukutani, akaulaza mbele yangu sakafuni, akaniambia nao niupime.